Kwaya Wote Wapo

"Tumekuja kukutafuta, hatukuja kukulaumu," alisema Bawabu, akiwa bado amesimama kizingitini na kofia yake mkononi.

Alikuwa peke yake, lakini siku zote alisema "tumekuja", maana akiwa katika safari hizi alijiona amebeba kanisa zima mgongoni. Fundi cherehani hakuinua macho. Mguu wake uliendelea kukanyaga, na sketi ya sare ya shule ikaendelea kupita chini ya sindano.

"Karibu, mzee. Nilikuwa naumwa kidogo."

Kila mtu aliyetafutwa na Bawabu alikuwa akiumwa kidogo. Alikwisha kusikia viuno, meno, mafua na presha, na mtu mmoja alimjibu kwamba anaumwa kidogo huku yuko juu ya paa anapigilia mabati. Bawabu hakubishana nao. Alitikisa kichwa, akasema pole, akaketi, akasubiri mpaka mgonjwa aone haya.

Alikuwa mstaafu wa bohari ya serikali, na jina lake halisi lilibaki likikumbukwa na ofisi ya pensheni tu. Kazi yake kanisani ilikuwa mlango mkubwa. Alimpa mkono kila aliyeingia, na baada ya ibada akampa mkono kila aliyetoka. Makanisa mengine yaliandika mahudhurio, na siku hizi mengine yalihesabu watu kwa simu. Kanisa lile lilikuwa na kiganja cha Bawabu. Jumapili jioni aliketi kitandani, akafumba macho, akaipitia mikono yote aliyoishika: mkono uliokakamaa kwa saruji, mkono wenye pete iliyobana, mkono wa yule bibi aliyetoa vidole viwili tu utadhani anaogopa kuibiwa vilivyobaki. Mkono ambao haukuja aliusikia ukikosekana. Ukikosekana wiki tatu mfululizo, alivaa kofia akaenda kuutafuta.

Na aliyetafutwa akikataa kurudi, Jumapili ya mwisho ya mwezi jina lake lilitajwa mbele ya watu, na kanisa zima likaitikia, "Tunamngoja." Utaratibu huo Bawabu ndiye aliyeupigania kwenye baraza la wazee. Aliamini kabisa kwamba mtu akijua anangojwa, atakuja.

"Mwezi uliopita mlinitaja," alisema fundi.

"Tulikutaja kwa upendo, mama."

"Mteja wangu alikuwemo. Jumatatu asubuhi akaja kuchukua kitambaa chake, eti atampelekea fundi anayemjua Mungu. Sasa nieleze, mzee, mlikuwa mnaningoja au mnanifilisi?"

"Nia yetu haikuwa hiyo."

"Nia yenu siijui. Kitambaa kimekwenda."

Macho ya Bawabu yalitafuta pa kukimbilia. Yalikimbilia ukutani. Kwenye msumari, kati ya sare mbili za shule, lilining'inia joho jeupe la kwaya lenye kola ya buluu. Vifungo vyake vilikuwa vyeupe, isipokuwa kimoja cha kahawia karibu na shingo.

"Na joho la mama watoto nalo limechanika?" aliuliza, akifurahi kupata mazungumzo mengine.

Cherehani ilisimama.

"Joho gani?"

"Si hilo? Hicho kifungo nilikishona mimi mwenyewe, watoto wakiwa wadogo. Tulichelewa ibada, cheupe hakikuonekana, nikatia nilichokishika. Tangu siku hiyo amekataa kukibadilisha."

Fundi alilitazama joho, akamtazama mzee, akarudisha macho kwenye sketi. "Limekuja kushonwa," alisema.

"Lina nini?"

Joho halikuwa na kitu. Lilikuwa safi, limepigwa pasi. Fundi alikuwa hodari wa mambo mengi, lakini kudanganya hakukujua, na uso ulikuwa umeanza kumwiva.

"Kaa, mzee."

"Nimesimama vizuri. Niambie."

"Mimi siyo wa kukuambia." Alikata uzi kwa meno, na hapo uchungu wa kile kitambaa ukampanda upya. "Lakini kwa kuwa umekuja kunitafuta mimi, wa kwako umemtafuta lini? Unazunguka mji mzima, unabisha hodi za watu, na mama yuko hapa kila Jumapili. Anaingia kanisani na wewe, anapita mlango wa pembeni, anatokea uani, anakuja hapa. Ananisaidia kupinda pindo. Joho ameliacha hapo msumarini, na wimbo wa mwisho ukianza anarudi kukungoja. Tangu mvua zile zilizopita."

"Huo ni uongo. Mke wangu namsikia kila Jumapili. Anaimba, namsikia kwa masikio yangu haya."

Fundi alimwangalia, na hasira zikamwisha. Alimwona mzee mwenye kofia mkononi, kola yake imefuliwa mpaka imeanza kuchakaa.

"Basi hilo kamuulize yeye, baba," alisema taratibu. "Mimi niache na sketi zangu."

*

Kanisa lile lilikuwa na roshani ya kwaya nyuma kabisa, juu ya mlango mkubwa. Waliokaa chini waliisikia kwaya bila kuiona, na kugeuza shingo katikati ya ibada ilikuwa ni kukosa adabu. Zamani, Bawabu alipokuwa karani kijana mwenye suruali moja ya maana, aliketi benchi la katikati akasikia sauti ikishuka kutoka juu. Ilikuwa sauti nyembamba iliyokuwa na mkwaruzo kidogo kila ilipomaliza mstari, mahali mwimbaji alipovuta pumzi. Alikaa wiki nzima bohari akihesabu mifuko ya simenti vibaya.

Ndipo akaomba kazi ya mlangoni. Wazee wa siku hizo walifurahi kupata kijana mcha Mungu namna ile. Wakati huo kwaya nayo ilitoka kwa mlango mkubwa, na kijana mcha Mungu alimshika mkono kila msichana aliyeshuka ngazi akamsalimu salamu ndefu isiyo na mwisho: hujambo dada, umeamkaje, nyumbani wazima, baba hajambo, na mama je? Alitaka tu waseme maneno ya kutosha aweze kuisikia ile sauti. Sifa zake zikaanza kuharibika. Mpaka Jumapili moja msichana mfupi mwenye viatu vya kuazima akamjibu, "Kaka, nyuma yangu kuna watu wanataka kutoka." Pale kwenye neno "kutoka" palikuwa na mkwaruzo. Bawabu hakuuachia ule mkono mpaka mchungaji alipokohoa.

Siku zile kanisa lilijaa. Watoto walikalia madirisha, wanaume walisimama nje kwenye jua, na sadaka ilipopitishwa vikapu vilichelewa kurudi. Baadaye watu walipungua kidogo kidogo, wengine kwa kuhama, wengine kwa kufa, wengine kwa kuumwa kidogo. Ngazi ya roshani ikahamishwa, ukatobolewa mlango wa pembeni kwa ajili ya kwaya, na tangu hapo mikono ya wanakwaya haikupita tena kwenye kiganja cha Bawabu. Taarifa yao aliletewa kwa mdomo. Kila Jumapili kiongozi wa kwaya alichungulia mlangoni akasema, "Kwaya wote wapo," na Bawabu akaridhika.

Kimoja hakikubadilika. Wakitoka kanisani, yeye na mkewe walirudi nyumbani kwa miguu, na wakifika kona ya duka la mkate yeye alisema, "Leo umenipeleka mbali." Naye aliuliza, "Ulifika wapi?" Bawabu akamtajia: mtoni alikoogelea utotoni, jikoni kwa bibi yake, ile nyumba ya kupanga waliyoanzia maisha, yenye dirisha lisilofungika. Kila wiki palikuwa mahali pengine. Huo ndio uliokuwa utajiri wao, na hawakuwa na mwingine wa kutaja.

Akitembea sasa kutoka kwa fundi, alikumbuka kwamba kwa miezi mingi mkewe hakuuliza "Ulifika wapi?" Alisema "Haya" tu, akabadilisha mkoba bega. Bawabu alidhani ni uzee.

*

Jumamosi jioni familia nzima ilikula pamoja. Binti yao na mumewe walikaa vyumba viwili vya uani, na huyo mume, mwalimu wa shule ya msingi, ndiye aliyekuwa kiongozi wa kwaya, na binti naye aliimba humo. Mwalimu alikuwa mtu mpole mwenye heshima za kupita kiasi. Mbele ya mama mkwe hakukunja nne, hakucheka kwa sauti, wala hakunyoosha mkono kuchukua chumvi. Ndiye pia aliyelipa umeme wa nyumba yote pamoja na dawa za presha za mama, na hakuwahi kulitaja jambo hilo. Wenyewe walilikumbuka kila walipowasha taa.

Bawabu alikula kidogo. Alisubiri mpaka sahani zikaribie kwisha.

"Mwalimu, kesho kwaya mtakuwa kamili?"

"Kamili, baba. Kwaya wote wapo."

Kijiko kilimponyoka binti kikaanguka sakafuni. Aliinama kukitafuta, akakaa huko chini ya meza muda mrefu kuliko kijiko kilivyohitaji.

"Na wewe, mama," Bawabu akamgeukia mkewe, "joho lako liko tayari?"

"Si nilikuambia majoho siku hizi yanabaki kanisani," alijibu Mama, akiitazama sufuria.

Miaka yote ya ndoa yao hakuwahi kumdanganya, hata bei ya kanga. Sasa alidanganya kwa ulaini kabisa, akampakulia mchuzi zaidi. Bawabu alitaka kumuuliza palepale. Lakini aliogopa jibu. Aliogopa kwamba mkewe amemchoka, amelichoka kanisa lake, mlango wake na kona yake ya mkate, na kwamba amekuwa akitembea naye kila Jumapili kwa huruma tu. Na kesho ilikuwa Jumapili ya mwisho ya mwezi. Kwa utaratibu alioupigania yeye mwenyewe, jina la kwanza la kutajwa lilikuwa la mke wake.

Alinawa mikono, akasema ameshiba.

*

Asubuhi alimsindikiza mpaka mlango wa pembeni kama kawaida.

"Haya, uimbe vizuri."

"Haya," alisema Mama, akaingia bila kugeuka.

Bawabu alisimama mlangoni pake akashika mikono ya watu, lakini siku hiyo kiganja chake hakikukamata kitu. Watu waliingia kama maji. Mwalimu alichungulia, akasema kwaya wote wapo, akarudi juu. Ibada ikaanza. Bawabu akaketi kwenye kibenchi chake cha mlangoni, chini kabisa ya roshani, akangoja.

Kwaya ikaimba. Na baada ya ubeti wa kwanza ile sauti ikashuka, nyembamba, iliyonyooka, na mwisho wa mstari ukaja ule mkwaruzo wa pumzi. Yuko juu! Fundi ana kisirani cha kitambaa, amemzushia mama wa watu! Bawabu hakungoja wimbo uishe. Alitoka, akazunguka kwenye mlango wa pembeni, akapanda ngazi huku ameshika ukuta, mtu mzima anapanda ngazi kwa haraka aione sura ya mke wake mwenyewe.

Mahali pa mke wake, karibu na nguzo, alisimama msichana wa duka la dawa. Yule yule aliyewapimia vidonge kila mwezi. Alikuwa amefumba macho, kidevu amekiinua kidogo, na mkono wa kushoto ameuweka tumboni. Hivyo ndivyo Mama alivyosimama siku zote. Mwalimu alipogeuka akamwona baba mkwe kwenye ngazi, mkono wake uliganda hewani, na nusu ya kwaya wakapotea njia.

Bawabu alishuka. Akaketi kibenchini. Hakusikia mahubiri hata neno.

"Sasa," akasema mchungaji wakati wa matangazo, "mzee wetu wa mlangoni atatukumbusha wenzetu ambao hatujawaona."

Alikwenda mbele. Hakuwahi kushika karatasi kwa kazi hii, aliwatoa kichwani. Watu walimtazama, na kwa mara ya kwanza yeye naye aliwatazama vizuri. Bibi wa vidole viwili aliinamisha macho. Wazee wa baraza waliinamisha macho. Benchi la akina mama lote likawa linatafuta kitu kwenye mikoba. Hapo ndipo alipoelewa kwamba kanisa zima linajua. Walikuwa wakimwona kila mwezi akisimama pale kuwataja watu, na kwa kumwonea huruma walinyamaza.

"Yuko..." alianza, akakohoa. "Yuko mtu..."

Aliutazama mlango mkubwa.

"Leo sitaji mtu," alisema. "Mwenzangu yuko nje. Naenda kumtafuta."

Akapita katikati ya mabenchi, mbele ya macho ya watu wote, akatoka kwa mlango mkubwa. Nyuma yake hakuna aliyeitikia chochote.

*

Mama aliketi kwenye kigoda nyumbani kwa fundi, miwani imeshuka puani, pindo la sketi mapajani. Alipomwona mumewe mlangoni, sindano ilimchoma kidole. Fundi alisimama mara moja, akasema maji yamechemka, akatokea uani ambako hapakuwa na jiko lililowashwa.

Bawabu alifungua mdomo aseme yale maneno yake ya siku zote, akaona hayafai. Aliketi kwenye rundo la vitambaa.

"Umenichoka?" aliuliza.

"Nani kakuambia?"

"Nijibu tu, mama. Kama umenichoka nijue."

Mama alivua miwani. "Nikuchoke wewe nianze kumzoea nani, na umri huu?" Alitaka kucheka, sauti ikamkatika. "Waliniambia nifungue mdomo tu."

"Vipi?"

"Walikuwa wanajiandaa kurekodi. Sauti yangu siku hizi inakwaruza kila mahali, baba. Zamani ilikuwa mwisho wa mstari tu. Wakasema nisimame palepale, nifungue mdomo kama ninaimba, lakini nisitoe sauti. Nikafanya hivyo. Jumapili kadhaa nilisimama pale natafuna hewa. Halafu nikaona aibu, hata mbele ya Mungu naona aibu. Nikatoka."

"Mwalimu alikuambia hivyo? Anakula nyumbani kwangu, halafu..."

"Mwalimu ana mdomo wa kuniambia mimi? Hata chumvi haombi. Alimtuma mkewe."

Bawabu alimfikiria binti yao, aliyelala mgongoni kwa mama yake, mama akifanya mazoezi ya kuimba jikoni, sasa akitumwa kumfunga mdomo.

"Ungeniambia."

"Ningekuambiaje? Siku ile ya kwanza nilivyotafuna hewa, nilikuwa nimekusudia kukuambia njiani. Tukafika kwenye kona, ukasema leo nimekupeleka mbali. Ukanisimulia yule mbwa wenu wa utotoni. Ulikuwa na furaha, baba. Ningesema, siyo mimi?" Alijifuta macho kwa pindo la sketi ya mtoto wa watu. "Nikasema nitakuambia wiki ijayo. Wiki iliyofuata ukasema nimekupeleka jikoni kwa bibi yako."

"Nilikuwa namsifia mtu mwingine."

"Nimemfundisha mimi yule mtoto. Jinsi ya kusimama, pa kuweka mkono, pa kuvuta pumzi. Ile pumzi ni yangu. Nikajisemea, basi anaisikia pumzi yangu."

Kumbe hakuchokwa. Bawabu alihisi raha kifuani, na palepale aibu ikaifunika. Sauti aliyoikimbiza akiwa kijana, iliyomfanya aombe mlango, ilikuwa imebadilika chini ya paa lake mwenyewe naye hajui. Angeweza kuisikia jikoni kila siku. Hakusikiliza. Alikuwa na shughuli ya kuwatafuta watu.

"Niimbie," alisema.

"Hapa?"

"Hapa."

"Baba, usinichekeshe. Fundi yuko uani anasikiliza."

"Na asikilize."

Mama alikataa, akashona mishono miwili mitatu, akaikosea, akaiweka sketi chini. Aliimba akiwa ameketi, bila kuinua kidevu. Sauti ilitoka nzito, imechakaa, ikapasuka alipojaribu kupanda juu. Akarudi akajaribu tena, ikapasuka palepale. Haikuwa sauti ambayo mtu angefika kona ya mkate akasema imempeleka mbali. Bawabu alilia. Alilia kwa sababu haikuwa nzuri, na kwa sababu ilikuwa yake, na kwa sababu ilikuwa imekaa peke yake miezi yote ile ikipinda sketi za watu.

Hawakusikia watu wakija. Kanisani ibada ilikuwa imekwisha, na waumini walifika mlango mkubwa wakakuta hakuna wa kuwapa mkono. Walisongamana pale, mikono yao haina pa kwenda, hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kutoka. Binti yao ndiye aliyepasua katikati yao akatoka, na Mwalimu nyuma yake.

Sasa alisimama kizingitini kwa fundi. Alikulia miguuni kwa baba yake katika safari hizi, alijua kinachosemwa.

"Tumekuja kukutafuta, mama," alisema. "Hatukuja..." Hakumaliza. Alipiga magoti kwenye vipande vya vitambaa, akaweka kichwa kwenye mapaja ya mama yake, juu ya ile sketi. "Nisamehe. Nilikuona unatoka kila Jumapili. Nilikuona kutoka juu."

"Nilikuwa naumwa kidogo," alisema Mama, na fundi kule uani akashindwa kujizuia, akacheka. Mama mwenyewe akacheka na kulia pamoja, akimpapasa binti yake kichwani.

Mwalimu alibaki nje kabisa, mgongo kwenye ukuta. Mtu wa heshima kama yeye asingeingia chumba alimoketi mama mkwe analia, na asingeondoka pia. Bawabu alitoka akasimama naye. Alikuwa ameandaa maneno makali kwa ajili yake, akayatafuta, akakuta mengi yanamrudia mwenyewe.

"Kila wiki unaniambia kwaya wote wapo," alisema hatimaye.

"Walikuwepo, baba. Waliobaki." Mwalimu alilitazama vumbi la viatu vyake. "Ule wimbo tuliorekodi ni mbaya. Umenyooka, lakini hauna mtu ndani. Nimejua tangu siku ile ile. Nimeshindwa pa kuanzia kusema."

"Umeshaanza."

*

Mama hakurudi roshani. Mwalimu alimwomba, akampelekea mke wake, kisha msichana wa duka la dawa, kisha mchungaji. Wote walikaribishwa chai wakarudi na jibu lilelile. Mahali pale ni pa yule mtoto sasa, alisema, na panamtosha. Kwenye baraza la wazee, Bawabu aliomba ile desturi ya kuwataja watu iachwe. Mzee mmoja akauliza sasa wajue vipi nani hayupo. Bawabu akasema wamuulize mkewe.

Maana Mama alihamia mlangoni. Jumapili iliyofuata alisimama upande wa kushoto na Bawabu upande wa kulia, kila anayeingia akashikwa mikono miwili, na foleni ikawa ndefu kwa sababu Mama alitaka kujua kila mtoto na kila jino. Vijana walinung'unika. Fundi hakuja. Cherehani yake ilisikika mpaka ndani wakati wa sala, na Bawabu hakuvaa kofia yake kumfuata. Wiki kadhaa baadaye alimpelekea kitambaa cha suruali, akalipa kwanza, hakusema neno lolote juu ya kanisa, na fundi akampima kiuno akitabasamu upande.

Lakini hiyo Jumapili ya kwanza, wimbo ulipoanza, waliketi wote wawili kwenye kile kibenchi chini ya roshani, wamebanana. Ile sauti nyembamba ilishuka kutoka juu, na pumzi yake mwisho wa mstari. Chini, karibu na sikio la Bawabu, Mama naye aliimba. Aliimba kwa sauti ya chini, akachelewa kidogo, katikati akapotea kabisa akanyamaza, akaingia tena. Watu wawili wa benchi la nyuma waligeuka. Bawabu aliwatazama mpaka wakarudisha shingo zao mbele.

Walirudi kwa miguu. Joho lilibaki kwa fundi, Mama alivaa gauni lake la kawaida. Walipita shule, wakapita kinyozi, wakafika kwenye kona ya duka la mkate, na Mama akapunguza mwendo, akabadilisha mkoba bega, akitazama mbele.

"Leo nimekusikia," alisema Bawabu.

"Nilikosea pale katikati."

"Nilisikia."

Wakatembea kidogo. Harufu ya mkate iliwafuata. Halafu Mama akauliza, kwa mara ya kwanza tangu zile mvua:

"Ulifika wapi?"

Bawabu alifikiria mto, akafikiria jiko la bibi yake na lile dirisha lisilofungika. Vyote vilikuwepo, lakini leo hakuwa amekwenda huko.

"Sikwenda popote," alisema. "Nilikaa palepale, mama. Nilikaa na wewe."